Askari wa Mwili Anapokosea: Tufundisheje Kinga ya Mwili?

Katika somo la sayansi tumezoea kuwaambia watoto kwamba seli nyeupe za damu ni askari wa mwili, nao hupigana na vijidudu vya maradhi. Mfano huu ni mzuri, nasi hatuukatai. Lakini maoni yetu ni kwamba ukiishia hapo humpa mtoto nusu tu ya ukweli.

Kiangazi kimoja tulikuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya wilaya ya Mpanda. Tulifika asubuhi, watoto wakifagia darasa ambamo palikuwa pamewekwa magunia ya mahindi ya shamba la shule. Vumbi lilijaa chumba kizima. Mtoto mmoja alikuwa amejitenga chini ya mwembe, akikohoa, na kifua chake kikitoa sauti kama filimbi. Mwanachuo wetu alimkaripia kwa uvivu, akamrudisha ndani. Baadaye alifundisha somo la kinga ya mwili, tena kwa ufasaha, pasipo kutambua kwamba mfano hai wa somo lake ulikuwa umeketi mbele yake.

Yafaa ikumbukwe kwamba vumbi la chumba kama kile si udongo mtupu. Ndani yake mna unga wa nafaka, mbegu za kuvu, na vinyesi vya mende na vya utitiri, yaani wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Vitu hivi vina protini. Watu wengi huzivuta protini hizo nazo zisiwadhuru. Kwa baadhi ya watu, hata hivyo, seli walinzi zilizo katika njia za hewa huzichukua na kuzipeleka kwenye matezi, ambako seli nyeupe ziitwazo limfositi huzihesabu kuwa adui. Ndipo mwili unapotengeneza kingamwili iitwayo imunoglobulini E. Kingamwili hii, iliyotambuliwa na watafiti wa Marekani na Sweden katika miaka ya 1966 na 1967, hujishikiza juu ya seli za masti, ikingoja.

Protini ile ile ikivutwa tena, seli za masti humwaga histamini na kemikali nyingine. Kwa muda wa dakika chache kuta za njia za hewa huvimba, makamasi huongezeka na misuli hukaza. Saa kadhaa baadaye huweza kufika seli nyingine, eosinofili, ambazo sumu yake hufaa kupigana na minyoo. Lakini hapa huunguza utando wa mapafu yenyewe. Kwa hiyo mtoto aliyepata nafuu mchana huweza kubanwa tena usiku.

Jambo hili si dogo. Huko Barcelona, Hispania, kati ya mwaka 1981 na 1987, watu wengi walikimbizwa hospitali kwa pumu katika siku fulani fulani. Uchunguzi ulionyesha kwamba siku hizo meli zilikuwa zikipakua soya bandarini, na vumbi lake lilitoka katika ghala lisilo na vichujio. Vichujio vilipowekwa, milipuko ile ilikoma. Hapana budi sisi tunaoishi kati ya mahindi na mpunga tujifunze kutokana na habari hiyo.

Wapo watakaosema kwamba somo hili ni gumu mno kwa shule ya msingi. Hatukubaliani nao. Majina ya seli ni ya mwalimu; mtoto atosheke na maana. Mwalimu aanze kwa kuwaonyesha watoto vumbi linaloelea katika mwali wa jua dirishani. Kisha achukue vikonyo viwili vya majani ya mpapai, kimoja kipana na kingine chembamba, vilivyooshwa vizuri, avipulize mwenyewe, na watoto waeleze tofauti wanayoiona. Mwishowe awaulize: askari akimpiga mgeni asiye na silaha ndani ya nyumba, kinachoharibika ni nini?

Baada ya somo kuwe na vitendo. Sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa. Magunia yaondolewe darasani. Mtoto mwenye pumu apewe kazi nyingine, kama kumwagilia bustani, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu naye. Wenzake waelezwe kwamba pumu haiambukizi. Lakini mwalimu si mganga: mtoto anayebanwa na pumzi apelekwe upesi kwenye kituo cha afya, na kikohozi kinachodumu wiki mbili kichunguzwe huko, maana huenda kikawa kifua kikuu.

Ndugu wanachuo, mtakapopangiwa shule zenu mtamkuta mtoto huyo. Kabla ya kumwita mvivu, sikilizeni kifua chake.