Brazil Hawakuponzwa na Pasi

Wakubwa zetu mliokwisha kumaliza hapa, mkija kututazama hupiga kelele: "Butua!" Kisha mnatutajia Brazil, waliofungwa na Italia 3-2 mjini Barcelona, Julai 5, 1982, na sare tu ingaliwatosha. Sikubali. Kweli Waitalia walikaa nyuma, Gentile akamganda Zico hata jezi ikachanika, na Rossi akavizia. Lakini goli lake la kwanza lilikuwa kichwa, kutoka krosi ya Cabrini. La pili, nakiri, lilitokana na pasi ya Cerezo, ila pasi ya uzembe, isiyo na mwenyewe. La tatu lilitoka kwenye kona, Brazil wamejaa golini mwao! Mimi ni beki wa kulia. Jumamosi karibuni, ila mpira sitaubutua.