Lawama ya Wino Si ya Mnunuzi

Nimeisoma rai iliyochapishwa, kwamba wanaolalamikia gharama ya wino wa printa ni watu wasiojua kutunza mashine zao. Nami, kwa heshima zote, naikanusha. Mwalimu wa Sumbawanga anayechapisha mitihani nyumbani, hata akiitunza printa yake kama mboni ya jicho, hawezi kuuzuia wino usipotee mashine inapojisafisha, wala hawezi kuishurutisha chipu ya katriji ikiri kwamba wino ungalipo, ilhali imekwisha kutangaza kuwa umekwisha. Je, huo ni uzembe wake, au ni hila ya watengenezaji, ambao aghalabu huuza mashine kwa bei nafuu ili faida waichume katika wino?

Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Lexmark, kampuni ya kutengeneza printa, iliamua kwamba haki ya hataza ya mtengenezaji hukoma katriji inapouzwa, asiweze kuitumia kuzuia isijazwe upya. Na ijapokuwa hukumu hiyo haitufungi sisi, hoja yake ni ya insafu. Basi huko Ufipa kwa mwalimu wetu wa Sumbawanga, ambako ufundi ni wa tangu wahunzi wa kale walioyeyusha chuma katika malungu marefu ya udongo, fundi anayejaza katriji upya astahili shukrani, na lawama imrudie aliyeitengeneza isijazike.