Twende Tukaone Vya Kwetu

Ndugu msomaji, umewahi kuwaona wageni wakipita kijijini na mizigo mgongoni? Hapa Mkoa wa Tanga tunawaona. Wametoka mbali, na wamelipa nauli kubwa. Wamekuja kutazama milima, misitu, mapango na bahari. Sisi husimama kando ya njia tukiulizana, "Watu hawa wanatafuta nini porini?"

Mimi naona swali ni jingine. Kwa nini sisi wenyewe hatuendi?

Tazama tulivyo navyo. Kule Lushoto, juu ya milima ya Usambara, kuna jabali la Irente. Ukisimama hapo unaiona nchi tambarare ya Mazinde iko chini kabisa. Katika msitu wa Magamba wako mbega, wenye manyoya meusi na meupe. Karibu na mji wa Tanga kuna mapango ya Amboni. Maji yaliyachimba katika mawe ya chokaa kwa miaka mingi sana, na popo wengi wanaishi humo. Ukishika njia ya kwenda Pangani utafika Tongoni, penye msikiti wa kale na makaburi ya kale. Ukiendelea kusini utafika Saadani. Hapo wanyama wa porini wanaishi karibu na bahari.

Tena kuna ua dogo la rangi ya zambarau. Huota kwenye miamba, chini ya kivuli cha msitu wa Usambara. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani alilipeleka kwao. Leo ua hilo hupandwa katika vyungu, na kupamba nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Wao wanalijua. Je, wewe umeliona?

Utasema, "Mimi ni mkulima. Sina nafasi, wala sina fedha." Ni kweli, kazi ni nyingi. Lakini baada ya mavuno ziko siku za kupumzika. Anza na mahali palipo karibu nawe. Darasa zima linaweza kwenda kwa miguu, na chakula mkachukua nyumbani. Mahali penye kiingilio, mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Wachukueni na watoto.

Kwa nini nasisitiza jambo hili? Kwa sababu mtu halindi kitu asichokijua. Asiyeujua msitu huona kuni tu na mbao. Aliyeujua huona pia chemchemi. Mto Zigi hutoka katika misitu ya Usambara Mashariki, na watu wa mji wa Tanga hunywa maji yake. Tukiumaliza msitu, ua lile litakauka kwa jua. Wageni hawatakuja tena. Lakini wao watakwenda kwingine. Sisi tutabaki hapa, bila maji.

Jifunzeni kwa kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani. Zamani kilikuwa na miti, na kasa walitaga mayai yao pale. Miti ilipotoweka, mchanga ulikosa cha kuushika. Leo Maziwe ni fungu la mchanga tu. Maji yakijaa, hufunikwa lote. Wazee waliokiona na miti wanaweza kusimulia. Wajukuu wao hawawezi kukiona tena.

Faida nyingine ni kazi. Mgeni anahitaji mtu wa kumwongoza. Kijana anayeijua njia, majina ya miti na habari za wazee anaweza kupata riziki yake hapo. Asiyejua atakuwa mbeba mizigo tu. Lakini atajifunza wapi, ikiwa wazazi wake hawajawahi kumpeleka?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usingoje mgeni akuonyeshe kijiji chako. Nenda ukaone. Ukirudi, lizungumzieni jambo hili katika mkutano wa kijiji. Mpatane nani atalinda, nani atawaongoza wageni, na fedha zitakazopatikana zitafanya kazi gani. Mali hii ni yetu, na anayepaswa kuijua kwanza ni mwenyewe.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Ni mahali gani pa kupendeza palipo karibu na kijiji chenu?
2. Ni nani kati yenu amekwisha kufika hapo? Aliona nini?
3. Mnaweza kufanya nini ili pasiharibike?