Somo, Mfundishe Biarusi Kulala



Biarusi wetu hufunzwa mengi na somo wake: kujifukiza udi, kumpokea mume, kukaa na mawifi. Kulala hafunzwi, kwani twadhani usingizi huja wenyewe. Sisi tunaona hilo nalo ni somo.

Mfikirie biarusi wa Unguja aliyeolewa Bugomora, kule Kyerwa, mkoani Kagera. Hana upepo wa bahari, na sauti za usiku si za kwao. Hata Alfajiri imehama: kwa saa ya ukutani, huko huingia kama nusu saa baada ya Unguja. Anageukageuka kitandani, wiki zinapita. Huyu atasema ni hasadi, yule atamletea vidonge vya mafua vinavyolewesha.

Dua tusiiache. Lakini vidonge visitangulie. Mwaka 2016 jumuiya ya madaktari wa Marekani, American College of Physicians, ilishauri kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi aanze na tiba ya tabia na fikra, dawa zifuate baadaye ikibidi.

Tiba yenyewe ni hii. Panda kitandani ukisinzia tu. Kitanda ni cha usingizi na cha mume na mke; simu ikae mbali. Ukikaa kama dakika 20 macho makavu, inuka, kaa pengine kwenye mwanga hafifu, ulete dhikri, urudi usingizi ukija. Kailula ni sunna, lakini kwa muda huu ifupishe au uiache. Na amka wakati mmoja kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya.

Hapo Muislamu ana hazina. Kwetu karibu na ikweta Alfajiri haihami sana mwaka mzima, basi wakati wa kuamka tumeshapangiwa. Na Mtume (S.A.W.) alichukia mazungumzo yasiyo na haja baada ya Isha, siku hizi mazungumzo hayo yamo kwenye simu.

Imebaki fikra. "Nisipolala leo, kesho nitaaibika mbele ya mama mkwe." Hofu hiyo ndiyo inayofukuza usingizi. Mambo ya kesho yaandike mapema jioni, na saa igeuzie uso ukutani.

Lakini biarusi anayeinuka usiku wa manane atadhaniwa kamsusa mume. Kwa hiyo mume aelezwe mapema, na mama mkwe asimwite mvivu. Bila wao, tiba hii haitamfaa.

Akikosa usingizi siku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu, au akiwa na huzuni isiyoondoka, au akikoroma hadi pumzi inakatika, aende hospitali. Mja mzito asimeze kidonge chochote cha usingizi bila kumuuliza daktari.

Masomo wetu, ongezeni funzo hili. Mwili una haki yake juu yetu.