Orodha ya Kazi Isipangwe na Wenye Kelele

Mteja akimlalamikia wakala pale Malakisi, lalamiko lake huenda wapi? Swali hili linastahili jibu lisilozungushwa. Linafaa kuingia kwenye orodha ya kazi za bidhaa, yaani daftari la kila kitu ambacho timu ya kutengeneza huduma inaweza kukifanya. Lakini kuingia kwenye orodha ni jambo moja, na kufika juu ya orodha ni jambo lingine kabisa. Hapo ndipo tuna maoni.

Orodha yenyewe ni nini?

Wanaotengeneza programu kwa mtindo wa ajaili hawaandiki mpango mmoja mkubwa wa miaka mingi na kuufuata kama msahafu. Mtindo huo ulipata jina lake Februari 2001, wataalamu 17 walipokutana Utah, Marekani, wakakubaliana kuwa ni heri kufuata mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango.

Kazi zote huwekwa kwenye orodha moja: marekebisho, huduma mpya, usalama. Zilizo juu hukatwa vipande vidogo, zikaelezwa vizuri na kufanywa kwa awamu fupi, mara nyingi za wiki 2. Zilizo chini hubaki na maelezo ya juujuu hadi zamu yao ikaribie. Mtu mmoja, anayeitwa mwenye bidhaa, ndiye hubeba jukumu la mpangilio. Akiwa mmoja, mnajua wa kuuliza. Wakiwa kumi, kila mmoja atamsukumia mwenzake.

Mteja alishawahi kuipindua orodha

Hapa Kenya tunao mfano mkubwa. Majaribio ya M-Pesa yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, pamoja na shirika la mikopo midogo la Faulu. Lengo la mwanzo lilikuwa kulipa mikopo kwa simu. Lakini wateja wakaanza mambo yao. Mtu aliweka pesa upande mmoja, akasafiri mikono mitupu, akatoa upande wa pili. Wengine walilipana bidhaa, na wengine waliacha pesa kwenye simu usiku kucha kama sanduku la akiba.

Kumbe kulipa mkopo hakukuwa ndiko kulikowasumbua watu zaidi. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kilichotangulia kilikuwa kutuma pesa nyumbani, na mikopo ikawekwa kando. Hakuna aliyekaa ofisini akaliota hilo. Watu walitazamwa wanavyotumia, orodha ikapangwa upya.

Foleni isiyo ya haki

Sasa maoni yetu. Kuna njia tatu mbaya za kupanga orodha: aliyetangulia kuomba apewe kwanza, mwenye sauti kubwa apewe kwanza, au chenye faida ya haraka kitangulie. Ya pili ndiyo inatutia wasiwasi zaidi, kwa sababu inaonekana kama kusikiliza wateja.

Mwenye simu kubwa na bando la kutosha akikasirika, mtandao mzima utajua kabla ya saa sita. Lakini mkulima wa Malakisi mwenye kabambe humwambia wakala, hutikisa kichwa, kisha hurudi nyumbani. Lalamiko lake likiishia kwenye kaunta, kwa timu ni kama halikuwahi kutokea.

Chukua mfano wa mama anayefanya biashara kuelekea mpaka wa Lwakhakha. Karibu na mpaka, simu inaweza kushika mtandao wa Uganda. Ametuma karo, na ujumbe wa kuthibitisha umechelewa. Hajui kama pesa zimekwenda. Anatuma tena. Kwake hiyo ni pesa ya mwezi mzima imekwenda mara mbili, hata kama waliopatwa na shida hiyo ni wachache kuliko wanaotaka apu ibadilishwe rangi.

Kwa hivyo tunasema: tatizo linalopoteza pesa ya mtu likae juu ya pambo, hata pambo likiombwa na wengi zaidi. Maswali ya kupima ni matatu. Nani anaumia? Anaumia kiasi gani? Inatokea mara ngapi? Wenzetu watauliza: mbona mnasahau kwamba kampuni ikikosa huduma mpya itaachwa nyuma? Ni kweli, na nafasi ya huduma mpya lazima iwepo. Lakini anayeogopa kutuma shilingi 500 hatajaribu huduma mpya hata ukimpigia ngoma.

Orodha hupaliliwa

Mkulima wa mahindi anajua: shamba lisilopaliliwa halikosi majani, linakosa mavuno. Orodha ni vivyo hivyo. Ombi lililokaa miaka bila mtu kuligusa liondolewe, na aliyeliomba aambiwe wazi. Kuambiwa "hapana" ni heshima kuliko kuambiwa "tunalishughulikia" kila Krismasi.

Na kila kazi iwe na alama ya kumalizika. "Boresha kutuma pesa" si kazi, ni ndoto. "Jina la mpokeaji lionekane kabla ya nambari ya siri kuingizwa, hata kwenye kabambe" ni kazi. Yeyote anaweza kushika simu akaangalia kama imefanyika.

Wewe unafanya nini?

Lalamiko lenye maelezo hupanda haraka kuliko hasira. Ukiripoti, kwa wakala au kwa huduma kwa wateja, sema mambo manne:

- ulikuwa unajaribu kufanya nini;
- nini kilitokea, lini na mahali gani;
- unatumia simu ya aina gani;
- kilikugharimu nini, iwe pesa, muda au safari.

Taja nambari ya muamala ikiwa unayo. Nambari yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni. Na ujumbe ukichelewa, angalia salio kwanza kabla ya kutuma tena.

Kisha uliza: "Lalamiko langu limeandikwa wapi?" Ni haki yako kuuliza. Wakala wa Malakisi akiulizwa hivyo kila siku, naye atatuuliza sisi, na orodha itaanza kufanana na watu inaowahudumia.