Mikono yako inajua nini?



Mwezi uliopita mzee mmoja alifungua darasa nyuma ya kanisa letu. Hakuna ubao, hakuna daftari. Kuna miti iliyosimamishwa na kufungwa kwa kamba: kitanda cha kufumia rafia. Wanafunzi walikuwa tisa, wasichana saba na wavulana wawili. Nikamuuliza kijana aliyesimama kando: "Mbona wewe hauingie?" Akacheka: "Pasta, ile ni kazi ya bamama."

Mzee alisikia. Akasema polepole: "Mutoto wangu, nani alikudanganya? Kwetu baba ndiye alikuwa anafuma."

Na ni kweli. Panda treni hapa Kamina kuelekea Ilebo, kwa ile njia iliyomalizika mwaka 1928. Mbele ya kufika mwisho utapita Mweka, inchi ya Wakuba. Huko wanaume ndio wanafuma kitambaa, na wanawake ndio wanakishona maua. Na kwa Waluba na Wasongye, vitambaa vya rafia, vile madiba, vilikuwa feza mbele ya franka kufika. Wazee walilipa mahari navyo.

Angalia namna kazi inaendeshwa. Wanakata jani changa la rafia mbele halijafunguka. Wanabambua ngozi yake ya juu, wanaianika, wanaipasua kwa vidole mpaka inakuwa nyuzi nyembamba. Nyuzi hazisokotwi wala haziungwi, kwa hiyo kitambaa hakiwezi kupita urefu wa jani. Ukitaka nguo kubwa, shona vipande pamoja. Kisha wanakitwanga kwenye kinu kilainike. Mama Mkuba anapitisha uzi kwa sindano chini ya nyuzi za kitambaa, anaukata kwa kisu kidogo. Hafungi fundo hata moja. Uzi unakaa kwa sababu baba alifuma kwa kukaza. Kazi ya bwana ikilegea, ya bibi inaanguka. Wenye ndoa, sikieni!

Hata mbali watu wanashika kazi ya mababu. Wanavajo wa Marekani walifukuzwa na askari katika inchi yao mwaka 1864, wakarudi 1868. Ufumaji wao wa sufu haukufa. Chuo chao wenyewe, Diné College, kilichoanzishwa 1968, kinaufundisha vijana.

Sasa niwaambie aibu yangu. Babu yangu alijua kufuma. Aliniita mara mbili: "Kuja, ukae hapa." Nilijibu: "Niko na masomo, nitakuja vakanse." Nilipomaliza shule ya Biblia nikarudi na diploma yangu, nikamkuta kaburini. Masomo hayakunikataza. Kiburi ndicho kilinikataza. Katika Kutoka 35 tunasoma kwamba Mungu aliwapa Bezaleli na Oholiabu si ufundi tu, lakini pia moyo wa kufundisha wengine. Babu alikuwa na ule moyo. Mimi sikuwa na masikio.

Ninyi wa Kolwezi mnakumbuka mwaka 1990, mgodi wa Kamoto ulipobomoka. Miaka iliyofuata nyumba nyingi za wafanyakazi zilikaa miezi bila mshahara. Mama aliyejua kushona au kuoka mikate ndiye alilisha watoto. Sisemi rafia itakulipa kupita shimo. Hapana. Lakini kazi iliyo ndani ya mikono yako, hakuna mukubwa wa kazi anayeweza kukuachisha.

Jumamosi iliyopita niliketi mimi mwenyewe kwenye kile kitanda. Kipande changu kililegea kama wavu wa samaki, mzee akakifumua chote. Yule kijana alicheka sana, halafu akasema: "Pasta, toka, na mimi nijaribu." Alikaza vizuri kunipita.

Wiki hii, kijana, uliza mukubwa mmoja nyumbani: "Unajua kazi gani ambayo haujatufundisha?" Kisha kaa chini, usikilize. Usimjibu "vakanse".