Kukagua Programu Si Kupiga Mhuri

Katika kila kazi inayogusa fedha, afya au usalama wa umma, watu wamezoea kuamini kwamba kitu kilichokaguliwa ni kitu kilicho sawa. Imani hiyo imeingia pia katika utengenezaji wa programu za kompyuta, yaani yale maelekezo yanayoiamuru mashine ifanye nini na kwa utaratibu gani. Leo mishahara ya watumishi, matokeo ya mitihani na makusanyo ya kodi hupitia humo. Kwa hiyo swali la kama ukaguzi wa programu unatimiza kazi yake haliwezi kuachiwa mafundi peke yao. Linamhusu mwalimu anayesubiri mshahara wake, na linamhusu afisa anayetia saini kupokea mfumo mpya.

Yafaa kwanza ukaguzi wenyewe upewe haki yake. Mwaka 1976 Michael Fagan, mhandisi wa kampuni ya IBM nchini Marekani, alichapisha makala iliyoeleza utaratibu uliokuja kufuatwa na wengi. Kundi dogo, kwa kawaida watu 4, hugawana majukumu: mwenyekiti wa kikao, aliyebuni programu, aliyeiandika na atakayeijaribu. Kila mmoja huisoma peke yake kwanza ili aielewe. Kisha hukutana kwa muda wa saa 2 hivi, wakaipitia hatua kwa hatua, na kila kasoro ikaandikwa. Shabaha ilikuwa kuikamata kasoro mapema, kabla haijazaa nyingine na kabla gharama ya kuisahihisha haijapanda. Hapana shaka kwamba shabaha hiyo ilikuwa njema, na viwanda vingi vilinufaika nayo.

Tatizo ni kwamba wengi waliupokea utaratibu huo pamoja na dhana zake, wala hawakujishughulisha kuzipima.

Dhana ya kwanza ni kwamba kasoro hugunduliwa kikaoni, watu wanapoamshana fikra. Mwaka 1993 Lawrence Votta, mtafiti wa maabara za Bell, aliuliza kwa uwazi kama kila ukaguzi unahitaji mkutano. Takwimu zake zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya kasoro ilikuwa imekwisha kuonekana wakati wasomaji walipokuwa peke yao na karatasi zao. Zilizogunduliwa kwa sababu ya mkutano wenyewe hazikufika 1 katika kila 10. Tena mkutano una gharama yake: kazi husimama siku kadhaa ikingoja watu wenye shughuli nyingi wapate nafasi moja, na wakikutana, wawili husemezana huku waliobaki wakisikiliza. Mtumishi yeyote aliyewahi kuketi katika kamati ambayo wajumbe wake hawakusoma makabrasha ataelewa jambo hilo bila kufafanuliwa zaidi.

Dhana ya pili ni kwamba macho mengi huona mengi. Mwaka 1997 Adam Porter, Votta na wenzao walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika kazi halisi kwa miezi 18, likihusisha kaguzi 88. Walibadilisha idadi ya wakaguzi, ikawa 1, 2 au 4. Walibadilisha pia idadi ya makundi, likawa moja au mawili. Mabadiliko hayo hayakuleta tofauti ya maana katika uwezo wa kugundua kasoro, ila mengine yaliongeza sana muda wa kungoja. Uchunguzi wao wa baadaye ulionyesha kwamba jambo lenye uzito zaidi ni nani anayekagua, na ni kazi gani inayokaguliwa. Wasomaji wanne wasio na ujuzi wa jambo hawalingani na mmoja anayelijua. Ubaya mwingine wa wingi ni kwamba kila mmoja humtegemea mwenzake, na mzigo wa wengi huishia kukosa mwenyewe.

Dhana ya tatu ndiyo ya hatari zaidi, nayo ni kwamba kilichopitishwa ni salama. Tarehe 4 Juni, 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, huko Guyana ya Kifaransa. Haikumaliza dakika moja. Ilipotoka njia na kulipuka pamoja na setilaiti 4 za utafiti. Sehemu ya programu yake ya uongozaji ilikuwa imechukuliwa kutoka roketi ya Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri. Lakini roketi mpya ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi wa kwenda mlalo, na nambari moja ikazidi nafasi ya biti 16 iliyotengewa. Mtambo wa akiba ulikuwa na programu ile ile, nao ukaanguka kwa kosa lile lile.

Programu hiyo haikukosa wakaguzi. Bodi ya uchunguzi iliyoongozwa na Jacques-Louis Lions ilieleza kwamba kaguzi na majaribio mengi yalifanyika, ila hayakuchambua ipasavyo mtambo ule katika mazingira ya roketi mpya. Hata hati ya mahitaji ya mtambo huo haikuwa na takwimu za njia ya Ariane 5. Mkaguzi anayelinganisha kazi na hati pungufu ataipitisha kwa dhamiri safi, na upungufu utabaki pale pale.

Je, ukaguzi uachwe? La, hasha. Mwaka 1987 Victor Basili na Richard Selby walionyesha kwamba wataalamu waliosoma programu kwa utaratibu waligundua kasoro nyingi kuliko waliotumia njia mbili za kuijaribu kwenye mashine. Kusoma kwa makini ni silaha kali. Kinachofaa kuachwa ni desturi ya kuhesabu mikutano na sahihi badala ya kuhesabu kasoro. Siku hizi viwanda vingi havifanyi tena vikao. Mtu hutazama mabadiliko katika kompyuta yake na kubonyeza kuyakubali. Mkutano umeondoka, lakini mhuri umebaki.

Hivyo basi, afisa anayeletewa mfumo mpya na kuambiwa kwamba umekaguliwa asiridhike na neno hilo. Aulize ni nani aliyesoma, na anaijua kazi hiyo kwa kiasi gani. Aulize alipewa muda gani, aligundua nini, na alilinganisha na hati ipi. Taarifa ya ukaguzi isiyotaja hata kasoro moja isipokelewe kwa shangwe, kwani huenda hakuna aliyesoma. Siku hesabu ya mishahara itakapokosewa, sahihi zilizo chini ya taarifa hazitamlipa mwalimu haki yake.